Tochi Nyumbani kwa Mzee Zima

Mimi nimeolewa mara mbili na kuachwa mara tatu, kwa sababu yule wa kwanza alirudi kuchukua redio yake, akakaa anakula kwangu hadi akanenepa, kisha akaniacha upya. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kaka yangu aliponiomba nikamposee mwanawe, hakuniomba kwa sababu nina bahati na ndoa. Aliniomba kwa sababu nina mdomo. Nauza nguo za mitumba. Mtu anayeweza kumvalisha mwanamume mnene suruali ya mtu mwembamba, na yule mwanamume akaondoka anashukuru huku hapumui, huyo hashindwi na posa.

"Dada," kaka aliniambia, "huyu ukimwachia aseme mwenyewe, atasema shikamoo mpaka jua lizame."

Hakumsingizia. Huyo mwanawe tunamwita Mpole. Ni fundi rangi, na katika maisha yake ameongea na kuta zaidi kuliko alivyoongea na watu, maana ukuta haukatizi mtu. Alipewa kazi ya kupaka darasa la chekechea, akachora na tembo ukutani ili watoto wafurahi. Mwalimu wa darasa akaja, akamtazama tembo, akamwambia, "Fundi, huyu wako ana miguu mitano." Mpole akashuka ngazi, akahesabu, akakuta kweli. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Yule mwalimu ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumposa.

Shida ilikuwa baba yake.

Baba yake mtaa mzima unamwita Mzee Zima. Kabla hajastaafu alikuwa msoma mita za umeme, anaingia nyumba moja anatoka nyingine, na mambo aliyoyaona huko yalimwingia kama baridi kwenye mifupa. Aliona watu waliowasha taa ya choo kisha wakasafiri. Aliona feni inampepea paka. Akastaafu na uchungu huo kifuani, na akashika imani moja tu: tabia ya mtu iko kwenye swichi. Wachumba waliotangulia kabla ya Mpole walifia hapo. Mmoja, mtu na heshima zake, daktari wa meno, alitoka msalani akaacha taa inawaka nyuma yake. Mwingine alifungua friji kutafuta maji, akasimama mlango ukiwa wazi, anafikiri.

"Anafikiri!" Mzee Zima alilisimulia jambo hilo hadi kwa muuza mkaa. "Anafikiria kwenye friji yangu!"

Kwa hiyo njiani nilimpa Mpole mafunzo. "Ukiona swichi, zima. Usipoiona, itafute."

"Na kama imeshazimwa, Shangazi?"

"Iguseguse tu, waone moyo wako."

Tulifika mchana jua likiwa kali. Tukapiga hodi. Kutoka ndani sauti ikajibu, "Simameni hapohapo! Mtu asivuke kizingiti!"

Tukasimama. Mke wa Mzee Zima akatuchungulia mlangoni. Mama mmoja mkunjufu, mwenye macho makubwa ya mtu aliyeishi gizani. "Karibuni, wangu, lakini subirini kidogo. Anasoma mita."

"Sasa hivi?"

"Husoma kabla mgeni hajaingia, na husoma tena mgeni akitoka. Ndivyo anavyojua mgeni gani arudi."

Mzee Zima akatokea kutoka kwenye kabati la mita kule koridoni, simu mkononi, midomo inachezacheza. Alikuwa anazikariri tarakimu zisimtoroke. Akatupa mkono bila kuacha kukariri. Juu ya friji, ambayo saa ile ilikuwa imelazwa kwa kuwa huwashwa kwa zamu, palikuwa na sinia lenye kitambaa cha kufuma. Sheria ya nyumba: simu zote humo, kifudifudi, kioo kisimetemete kikaiba macho ya watu. Yeye ndiye aliyeanza, kwa kutuonyesha mfano, lakini kwa vile akili yake ilikuwa bado kwenye tarakimu, yake aliilaza chali. Nami nikaiweka yangu, ile iliyofungwa kwa mpira ili isimwage matumbo. Mpole akaweka yake.

Ndani palikuwa na giza la heshima. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili joto lisiingie, joto lisipoingia feni haiombwi. Nilisalimia kabati nikidhani ni bibi wa binti.

Tukakaa. Binti mwenyewe alikuja akatusalimia, akakaa kando ya mama yake, na nikamwona Mpole anavyommeza kwa macho gizani. Nikakohoa kidogo, nikaanza kazi iliyonileta.

"Mzee, sisi tumekuwa tukipita njia hii mara nyingi, na humu ndani tumeona…"

Hapo Mama alikuwa amenyanyuka kuleta glasi za maji. Alipopita kwenye friji akaona simu zimelala ovyo, moja chali, nyingine upande. Kwa mazoea ya nyumba akazilaza zote kifudifudi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegeuza maandazi.

Mwanga ukaruka hadi darini. Mviringo mweupe ukatulia pale juu yetu kama yai la kukaanga.

Maneno yangu yakakatikia njiani. Mzee Zima hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, kama hakimu aliyeshiba:

"Nani?"

Akainuka, akaenda kwenye sinia. Yangu aliitambua kwa mpira wake. Zilizobaki mbili zilifanana kama mapacha, nyeusi zote, zenye kava zote, lakini nani angebishana? Moja inawaka, moja imezima, na Mzee Zima ni Mzee Zima. Akaichukua ile iliyozima, akaipangusa, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Yangu hii hapa. Giza totoro. Imelala kama inavyotakiwa."

Ile nyingine akaishika kwa vidole viwili, vile mtu anavyoshika panya aliyekufa, akampelekea Mpole. "Bwana mdogo. Taa yako."

"Samahani, Mzee. Shikamoo."

"Ulishanisalimia. Zima."

Mpole akaweka kidole gumba. Simu ikakataa. Akakipangusa kwenye suruali, akaweka tena. Ikakataa. "Vidole vyangu, Mzee, alama zimeliwa na msasa. Mara nyingine simu inanikana."

"Inakukana." Mzee Zima aligeuka kunitazama mimi. "Dada, umesikia? Mwenye mali anakanwa na mali yake."

"Ina aibu mbele ya wageni," nikasema.

"Weka namba ya siri," binti akasema, na ingawa giza lilikuwepo nilisikia kwamba anatabasamu. Baadaye nilielewa kwa nini. Mpole alikuwa amemwapia kwamba namba ya siri ya simu yake ni tarehe ya kuzaliwa ya binti huyo, na hakuna tarehe nyingine duniani aliyoikariri.

Mpole akaandika. Simu ikasema siyo. Akaandika polepole zaidi, ulimi nje. Siyo.

Binti akamsogelea. Akanong'ona, lakini ni mnong'ono wa mwalimu wa chekechea, hata mpita njia aliusikia. "Si uliniambia ni tarehe yangu?"

"Ndiyo."

"Basi iandike."

"Nimeiandika."

"Umeandika ya nani?"

"Yako!"

"Mbona simu inasema siyo?"

Mpole akajifuta jasho. "Labda… labda simu ina tarehe nyingine."

Mwanangu, mwanangu. Kuna mashimo mtu anachimbiwa, na kuna mashimo mtu anajichimbia kwa jembe lake mwenyewe huku anaimba.

"Tarehe nyingine," binti akasema. "Ya nani huyo mwingine?"

"Hakuna mwingine! Ni simu!"

Mzee Zima akainua kidole. "Nisikilizeni. Humu ndani hakuna neno la posa litakalotamkwa mpaka hiyo taa izimike. Mtu hawezi kuzima ya kwake mwenyewe, akipewa mke si atawasha mtaa mzima?"

Kwa hiyo tukaanza kuhangaika na taa.

Mpole alibonyeza kitufe cha ubavuni ili simu yenyewe ifungwe yote. Simu ikamwomba namba ya siri kwanza. Simu za siku hizi hazifi bila ruhusa. Mama akasema, "Ipulize." Mpole, kwa kuwa ni mpole, akaipuliza. Binti akasema, "Mama, hiyo ni simu, si mshumaa." Mama akajibu, "Nilitoa wazo tu, msinikodolee."

Mimi nikaipiga kofi. Ile redio ya mume wangu wa kwanza ilikuwa haisikii kitu kingine. Ilipigwa kofi ikasoma habari. Simu hii ilitetemeka tu, ikaendelea kutuangaza, na sasa kwenye mwanga ule nikaona kwamba lile kabati nililolisalimia lilikuwa zuri kweli, linastahili.

"Pengine imeshikana na umeme wa nyumba," Mzee Zima akasema. Sisi sote tulijua haiwezekani, na hakuna aliyethubutu kusema. Akaenda koridoni, akakata swichi kuu. Nyumba nzima ikalala, ingawa ilikuwa imeshalala. Tochi ikaonekana imezidi kuwaka.

Alirudi anaizunguka simu kama askari anayemzunguka mzururaji. "Inakula wapi hii?"

"Kwenye betri, Mzee," Mpole akasema.

"Na betri inakula wapi?"

"Ukutani, Mzee."

"Ukuta wa nani?"

Mpole hakuthubutu kumtaja, kwa kuwa ukuta ni wa baba yake, na baba yake ni kaka yangu, na kaka yangu naye ana maneno yake. Mzee Zima akapigapiga mfuko wa shati. "Yangu haijawahi kugusa ukuta wa nyumba hii. Asubuhi binti anaondoka nayo, jioni inarudi imeshiba. Inakula shuleni."

"Tuifunike, basi," nikasema.

Mama akaleta sufuria. Tukaitumbukiza, tukafunika. Mwanga ukapenya kwenye kitundu cha mvuke, ukasimama wima hadi darini, mwembamba, mkali, ukimnyooshea kidole Mwenyezi Mungu kwamba shuhudia. Tukaitoa. Nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia. Nina mwili wa kutosha, sijasingiziwa.

"Imezima?" Mzee Zima akauliza.

"Imezima."

"Simama."

Nikasimama, na kiti kizima kikang'aa nyuma yangu. Mama akasema nilipokaa nilifanana na taa ya mezani, ile yenye kofia. Binti alitaka kucheka akakumbuka amekasirika.

"Tuiache imalize chaji," Mpole akasema. "Itakufa yenyewe."

"Imebaki kiasi gani?"

Mpole akaangalia, sauti ikamshuka. "Imejaa, Mzee. Karibu yote."

"Itakufa lini?"

"Kesho. Pengine."

"Tutakaa," Mzee Zima akasema, akakunja mikono. Nikamwangalia usoni, nikaona kwamba mtu huyu atakaa. Nikafikiria kibanda changu na nguo zangu nilizomwachia muuza viatu azitazame, jamaa ambaye hata viatu vyake hawezi kuvitazama.

Kisha akabadili mawazo. Akatoka, akarudi na ndoo ya maji, akaitua katikati ya chumba. "Mwanamume huamua," akamwambia Mpole. "Unataka simu, au unataka mke?"

Kwa mara ya kwanza Mpole hakusema shikamoo. Alimtazama binti. Binti naye alitazama ndoo, midomo imemkaza, na nilijua anachowaza: humo ndani ya simu mna picha zao zote, na pia mna tarehe ya mwanamke asiyejulikana. Mpole akainyanyua simu, akaiweka juu ya maji. Ule mviringo wa darini ukaanza kucheza ngoma.

"Nataka mke, Mzee," akasema. "Naitosa."

"Itose."

"Ngoja!" nikapiga kelele. Si kwamba nilijua lolote. Mimi tu siwezi kuona kitu kizima kinaharibiwa, ni ugonjwa wa wauza mitumba. Na nilivyopiga kelele ikabidi nitafute sababu, na sababu ikaja. "Kinyozi! Kinyozi wa jirani na kibanda changu! Yake ilifanya hivihivi. Akasema dawa yake upigiwe. Simu ikiingia, tochi inashtuka, inazima."

"Kinyozi ndiye fundi simu?" Mzee Zima akauliza.

"Hata kunyoa hajui vizuri, lakini tochi ilizima."

Nikachukua simu yangu kwenye sinia, nikaifungua mpira, nikalitafuta jina la Mpole, nikapiga. Tukainama sote kuizunguka ndoo, vichwa vinagongana, macho kwenye ile tochi.

Haikulia. Haikutetemeka hata kidogo.

Halafu kifua cha Mzee Zima kikafoka:

"WATOTO! KAENI CHINI! FUNGENI MIDOMO!"

Mzee Zima alikuwa amesimama. Akakaa chini. Mimi nilikaa. Mama alikaa na kifuniko cha sufuria mkononi. Mpole alichuchumaa pale pale alipo, simu juu ya maji, na midomo yetu sote ilikuwa imefungwa.

"WATOTO!" kifua kikarudia. "KAENI CHINI!"

"Tumeshakaa!" Mzee Zima akajibu kifua chake.

Binti alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Baba… hiyo ni mimi. Nilimrekodia Mpole. Aliniambia anapenda sauti yangu nikiwa kazini."

Mzee Zima akaingiza mkono mfukoni polepole, kama mtu anayetoa nge. Akaitoa simu. Kioo kilikuwa kinamwangaza usoni, na hapo kwenye kioo palikuwa na picha yangu na jina la anayepiga: Shangazi Mdomo. Ndivyo nilivyolijua jina langu kwenye simu ya mpwa wangu niliyembeba mgongoni. Nikakata.

Binti akaichukua ile simu mkononi mwa baba yake. Akaandika tarehe yake ya kuzaliwa. Simu ikafunguka papo hapo, bila maswali. Akamwinulia Mpole macho, na macho yenyewe yalikuwa ya namna ambayo mtu mzima mwenye adabu hugeuka kuangalia pazia. Nikaangalia pazia.

"Mbona zinafanana?" Mzee Zima akauliza, sauti imemwishia.

"Nilinunua moja, Baba, ya pili nikapewa bure. Moja nikakuletea wewe."

"Kwa hiyo hii…" Akaitazama simu iliyokuwa juu ya ndoo, ile aliyokuwa ameshaihukumu kuzamishwa. Mpole aliisogeza mbali na maji kwa uangalifu mkubwa, kama anayehamisha mtoto mchanga.

Mama akaweka kifuniko chini. "Bwana wangu," akasema kwa upole uliotisha. "Kabla wageni hawajaingia ulikuwa wapi?"

"Kwenye mita."

"Mle kabatini hamna dirisha. Ulimulika na nini?"

Mzee Zima alikohoa. "Kurunzi yangu ilishakufa. Hii simu ina tochi, binti aliniwashia siku moja nikaona inavyowashwa." Akazitazama ndala zake. "Kuzima hakunionyesha."

Mama akaanza kutikisika. Kwanza mabega, kisha kiti, halafu kikamtoka, kicheko kilichokuwa kimewekwa akiba tangu siku ya harusi. Alicheka hadi akaegemea kabati. "Zima!" alisema, akashindwa kumaliza, akaanza tena. "Zima ameacha taa inawaka!"

Mimi sikucheka, ingawa mbavu zilinisihi. Katika biashara yangu mtu akichanikiwa na suruali mbele za watu unaangalia juu, unazungumzia hali ya hewa. Mpole naye akajaribu kwa njia yake. "Mzee, hizi simu zina matatizo. Hata mimi mwenyewe…"

"Kijana, usinisaidie."

Akaichukua simu yake, ikiwaka vilevile, akatoka nayo. Tukausikia mlango wa kabati la mita ukifunguka.

Mama alinyamaza ghafla. "Ameumia," akasema.

"Tumekwisha," binti akasema.

Mpole akanigeukia. "Shangazi, nimeharibu."

"Umeharibu nini? Umechuchumaa tu na ndoo." Lakini moyoni nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia kaka yangu. Wale wachumba waliotangulia walikosea mbele ya Mzee Zima. Huyu wangu alikuwa amemwona Mzee Zima akikosea, na hilo wazee hawasamehi. Daktari wa meno angekuwa na nafasi kuliko sisi.

Kisha kutoka koridoni tukasikia: "Haijasogea!"

Tukatazamana.

"Haijasogea hata nukta!" Mzee Zima akarudi mbio, ndala moja mguuni, nyingine ameiacha huko. "Nilisoma kabla hawajaingia. Nimesoma sasa. Mwanga wote huu, dari nzima, sufuria, kiti, na mita iko palepale!"

"Ulikata swichi kuu, Baba."

"Nilikata baadaye! Kabla sijakata ilikuwa inawaka, na haikuhesabiwa!" Aliishika simu kwa mikono miwili. Nimewahi kuona mtu aliyegundua fulana kwenye mtumba ina mfuko wa siri, na ndani ya mfuko mna kitu. Sura ilikuwa ileile. "Inakula kwenye betri."

"Ndiyo, Baba."

"Na betri inakula shuleni."

"Ndiyo, Baba."

"Na shule haijui."

"Mwalimu mkuu anajua, Baba, nilimwomba."

"Usirudie kumkumbusha."

Akachukua glasi mezani, akaisimamisha simu humo, tochi ikatazama juu, akarudi kwenye kiti chake, akakaa chini ya mwanga kama mtu anayeota moto. Hakuzima. Tulikaa katika mwanga ule tukaonana. Mama alipapasa mkono wa kiti chake. "Kumbe ni kijani," akasema. "Miaka yote nimewaambia watu ni cha kahawia."

Mpole alikuwa ameinua kichwa. Kwa kweli tangu mwanga ulipogonga dari alikuwa anaibia macho huko juu, hata alipokuwa anatishiwa ndoo. "Mzee," akasema, "dari yako imekuwa ya kijivu. Inaunywa mwanga. Ukiipaka nyeupe, nyeupe ile yenyewe, tochi hiihii moja itaangaza hadi koridoni."

Mzee Zima akageuza shingo polepole. "Bila kuongeza taa?"

"Bila kuongeza."

"Na mchana, mapazia yakiwa yamefungwa?"

"Ukiacha upenyo wa kidole tu, chumba kitajaa."

Mzee Zima akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. "Hebu rudia hapo kwenye kidole."

Na Mpole, ambaye hana maneno, akarudia. Akaeleza dari, akaeleza kuta, akaeleza rangi inayomeza mwanga na rangi inayourudisha, akaeleza mpaka mlango wa kabati la mita kwa ndani, kwamba ukipakwa mweupe hata kurunzi haihitajiki. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Alikuwa anaongea na ukuta, sema safari hii ukuta ulikuwa unaitikia, "Ehee… ehee…"

Mama hakumwacha mumewe apite hivihivi. "Lakini wewe si umesema hakuna neno la posa mpaka taa izimike? Hiyo hapo inawaka."

"Hiyo?" Mzee Zima akaitazama glasi kwa upendo. "Hiyo si taa. Taa ni ile inayopita kwenye mita." Akanigeukia. "Dada, ulikuwa unasema mmeona nini humu ndani?"

Nikajiweka sawa, nikakohoa, nikaanza upya na hotuba yangu yote, na ilikuwa hotuba nzuri, niliitayarisha njiani. Sikufika mbali. "Nimekubali," akasema. "Dari kwanza, harusi baadaye. Na huyo tembo wa shuleni nimesikia habari zake. Humu ndani asinichoree mnyama."

Wakati wa kuondoka binti alimshika Mpole mkono mbele ya baba yake, na baba yake alikuwa ameshughulika. Alikuwa anafundishwa. Mpole alimwonyesha: ukishaifungua kwa namba yako, unavuta hapa kwa kidole, unagusa hapa. Mzee Zima akagusa, tochi ikazimika. Akagusa, ikawaka. Akazima. Akawasha. "Lo," akasema, akazima tena, akatabasamu gizani. Nilijua anatabasamu kwa vile sauti yake ilivyotoka.

Kisha akatusimamisha mlangoni, akaenda kusoma mita. Akarudi ametulia kabisa. "Nyinyi," akasema, "mtarudi."

Tukavuka kizingiti. Tulikuwa tumeshafika kwenye ngazi za nje aliponyoosha shingo mlangoni na kumwita binti yake, aliyekuwa anatusindikiza. "We mwanangu. Zile simu mbili. Uliyonunua na uliyopewa bure. Ya bure ilikuwa ipi?"

Binti hakupepesa. "Yako, Baba."

Mlango ukafungwa. Nyuma yake tukamsikia anamwambia mkewe, "Si nilikuambia? Ina mwanga mzuri."